Uzito wa Maji



Wapendwa wasomaji, wiki hii naomba mniwie radhi. Wengi wenu mlitarajia niendelee na maelezo ya mpangilio wa Liturujia tuliyoyaanza wiki iliyopita. Hayo yatarudi, Mungu akipenda. Leo nitaandika habari za meza.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na akina mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaofika nyumbani kwa mapadre, kwa nini tangi la samaki lililoko sebuleni limewekwa juu ya kiweko kizito namna ile, ambacho wanaume wanne walikihamisha kwa taabu siku ya kupaka rangi. Mmoja wao alitania kwamba Paroko amejitengenezea altare ya pili. Jibu fupi ni kwamba maji ni mazito. Jibu refu lina aibu ndani yake, na sehemu ya aibu hiyo mliisikia kanisani mwaka 2023, nilipowatangazia habari za vitabu vya ubatizo. Siku ile sikuwaeleza yote.

Tangi la kwanza tuliachiwa na familia moja ya parokia iliyohamia Dodoma mwanzoni mwa mwaka huo. Lilikuwa la kioo, urefu wake sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Meza yake haikuja nalo, kwa kuwa ilikuwa imejengewa ukutani. Nililipokea kwa furaha kwa sababu nilikuwa na nia yangu. Watoto wetu wamezaliwa ufukweni mwa Ziwa Victoria, lakini ukiwauliza samaki wa ziwa hili watakutajia sangara, sato na dagaa, basi. Furu hawamjui. Kumbe sangara ndiye mgeni, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Na furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, walikuwa mamia ya aina kabla ya wengi wao kutoweka katika miaka ya 1980. Nilitaka watoto wanaokuja katekesimu wamwone furu akiwa hai, mama amewahifadhi wanawe kinywani, maana hivyo ndivyo alivyojaliwa kuwalea. Mwanaparokia mmoja anayefanya kazi za uvuvi aliahidi kutupatia wachache. Kilichokosekana ni kiweko tu.

Nilipokuwa seminari ndogo, alasiri zetu zilikuwa za kazi za mikono. Wengine walipangiwa bustani, wengine zizi la nguruwe. Mimi kwa miaka miwili nilipangiwa karakana ya useremala, ambako nilijifunza kushika randa, kunoa patasi, na kutengeneza stuli moja ambayo haikuwahi kutulia sakafuni. Baadaye nilisoma falsafa na teolojia kwa miaka saba, na ndani ya miaka hiyo saba ile stuli iliendelea kunyooka kichwani mwangu hata ikawa stuli nzuri sana. Kwa hiyo nilipohitaji kiweko sikumwita fundi. Niliazima msumeno na nyundo, nikavaa fulana ya zamani, nikaanza.

Nilinunua mbao za mkaratusi, mbichi, bado zina harufu ya msitu, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu. Miguu minne niliikata kwenye mbao za inchi 2 kwa 2. Mbao za juu, zile za kubeba tangi, nilizigongomea ubavuni mwa miguu kwa misumari, mitatu kila kona, kisha nikalaza vipande vya ubao juu yake. Mbele palikuwa wazi, nyuma wazi, ubavuni wazi. Nilimaliza kwa siku moja na nusu, nikajisikia vizuri mno. Tangi nikaliweka katika ofisi ya parokia, ili watu wanaosubiri vyeti wapate cha kutazama, kando ya kabati la mbao linalotunza vitabu vyetu. Hesabu ya uzito sikupiga. Niliangalia tu kwamba meza imesimama.

Wiki tatu baadaye mzee mmoja wa parokia yetu, fundi seremala kwa zaidi ya miaka arobaini, alifika ofisini kuandikisha nia ya Misa kwa ajili ya marehemu mkewe. Aliandikisha, akatoa sadaka yake, akainuka, kisha akalisogelea tangi. Hakutazama samaki. Alichuchumaa, akatazama chini ya meza, akaweka kidole kimoja kwenye kona na kusukuma taratibu. Maji yakatikisika.

“Baba Paroko,” akasema, “meza hii inacheza.”

Nikamjibu kwamba ina wiki tatu sasa, na haijaanguka.

“Ndiyo, Baba. Haijaanguka.” Akachukua kofia yake, akaaga.

Sijawahi kukemewa kwa upole kama ule, na wakati huo wala sikujua kwamba nimekemewa.

Meza ilidumu wiki nane. Usiku wa kuamkia Ijumaa, katika wiki ya nne ya Kwaresima, saa nane na dakika kadhaa, niliamshwa na kishindo nilichodhani ni mlango wa kanisa umevunjwa. Nilitoka na tochi. Nilipofika ofisini, mlinzi wetu alikuwa ametangulia, ameshafungua mlango, na ameshainua mguu ili aingie. Maji yalikuwa yamefika kizingitini. Ndani ya maji hayo ulilala waya wa pampu ya hewa, pamoja na ile soketi ya kurefushia umeme ambayo mimi mwenyewe niliiweka sakafuni chini ya meza, na taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Nilimshika shati nikamvuta nyuma kwa nguvu hata tukaanguka wote wawili barazani. Kisha nikaenda kuzima umeme kwenye swichi kuu.

Mtu huyu ana watoto wanne. Katika tangazo langu kanisani nilitaja vitabu, sikumtaja yeye. Naandika leo kwa ruhusa yake, na niliona haya hata kuiomba ruhusa hiyo.

Tulipoingia kwa tochi tuliona jinsi ilivyokuwa. Meza haikuvunjika. Hakuna ubao hata mmoja uliokatika. Ililala tu, kama mtu aliyechoka anavyolala upande, miguu yote minne ikielekea kushoto, na tangi likaenda na kuligonga kabati. Milango ya kabati ikafunguka, na maji yakaingia rafu ya chini. Vitabu viwili vililowa kingo tu. Cha tatu, kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1970, kilikuwa kimelala bapa, nacho kilikunywa maji kama sponji.

Masista walikuja kabla ya Misa ya asubuhi. Tulitia karatasi nyeupe za kufyonza maji kati ya kurasa, tukawasha feni, tukabadilisha karatasi kila baada ya saa chache, usiku na mchana, kwa siku tano. (Iwapo balaa kama hili litakupata, usianike kitabu juani: kurasa zitajikunja na kukatika.) Wino wa kalamu za kawaida za miaka ya baadaye haukutoka. Lakini katibu mmoja wa zamani, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, alipenda kuandika kwa kalamu ya kujaza wino wa buluu, na wino ule ulikwenda na maji. Watu 11 wakawa mawaa ya buluu. Namba za mfululizo zilisalia, kwa kuwa zilipigwa chapa kiwandani. Mbele ya namba hapakuwa na mtu.

Wasio na mazoea ya ofisi ya parokia huenda wakaona hili ni jambo dogo. Kitabu cha ubatizo ndicho mzizi wa vitabu vingine. Pembeni mwa jina lako huandikwa kipaimara chako, ndoa yako, hata daraja au nadhiri zako. Miezi miwili tu baada ya tukio lile alikuja mama mmoja wa hapa kwetu, aliyekuwa akijiandaa kubariki ndoa baada ya kuishi na mume wake miaka mingi. Alibatizwa mwaka 1974. Nilifungua kitabu mbele yake, nikamwonyesha waa. Hakusema neno. Alipitisha kidole juu yake, kama anayetafuta kitu kilichoanguka kwenye mkeka. Tuliponea kwa mama yake wa ubatizo, bibi wa zaidi ya miaka themanini, ambaye nilimfuata mwenyewe kijijini akatoa ushahidi. Kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, iwapo halimdhuru mtu yeyote. Ndoa ikabarikiwa. Lakini bibi yule angeweza kuwa amefariki.

Nilipokwisha kutangaza kanisani Dominika ile, Jumatatu nilikwenda kwenye karakana ya yule mzee. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, na njiani niliyapanga vizuri kama mahubiri ya sikukuu. Nilimkuta akiranda mlango. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kuiacha randa, kisha akauliza: “Samaki wamepona wangapi?”

Nikamwambia watatu, wamo ndooni.

“Basi, Baba, wanahitaji mahali. Nitakutengenezea. Ila kuranda utaranda wewe.”

Kwa hiyo kwa wiki sita, kila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa mwanafunzi. Jambo la kwanza alilofanya halikuhusu mbao. Alichomoa penseli sikioni, akaandika hesabu kwenye kipande cha plaiwudi. Sentimita 120 kwa 45, maji yafike kimo cha 45: lita 243. Lita moja ni kilo moja, hapa hakuna ubishi. Kioo cha milimita 10, kwa ukubwa ule, kama kilo 55. Changarawe ya chini, kilo 40. Akajumlisha: kama kilo 340. Akanitazama. “Ni mifuko saba ya saruji, Baba. Ungeipanga mifuko saba ya saruji juu ya ile meza yako, ukakaa chini yake ukasoma gazeti?”

Nilisema hapana.

“Lakini maji uliyapanga, kwa sababu maji unaona upande wa pili.”

Kuhusu mbao, nilidhani atataka mninga, nami nikaanza kufikiria gharama. Akasema mninga ni mti wa heshima, ila kazi hii haihitaji mbao ya bei, inahitaji mbao kavu. Nyuma ya ukumbi wetu yalikuwapo mabenchi ya kanisa la zamani, ya mvule, yaliyorundikwa hapo tangu kanisa la sasa lijengwe. Mbao zake za kukalia zilikuwa na unene wa inchi 2. Nililipeleka ombi Halmashauri ya Walei, maana mali ile ni ya waamini, na mjumbe mmoja akauliza kwa nini tusinunue mbao mpya. Mzee alijibu kwa sentensi moja tu: “Mti huu umeshamaliza kujikunja.” Baadaye alinifafanulia. Mbao mbichi inapokauka hunywea, tena hunywea kwa upana, kwa urefu karibu haipungui kitu. Misumari yangu niliipigilia kwenye mkaratusi uliojaa maji. Ndani ya wiki nane mbao ilisinyaa, tundu likapanuka, na msumari ukabaki unaning'inia humo. Kumbe nilijenga kwa mbao moja, nikalala usingizi karibu na mbao nyingine.

Miguu aliitengeneza kwa vipande viwili viwili, inchi 2 kwa 4, vilivyobandikwa kwa gundi ya mbao na kufungwa kwa skrubu. Kipande cha nje alikikata kifupi kuliko cha ndani, hivyo kwamba juu ya mguu palitokea ngazi, na ubao wa juu ukaja kukaa juu ya ngazi hiyo. Hapa alisimama muda mrefu, akanionyesha kwa kidole. Uzito wa tangi unaingia kwenye ubao wa juu. Ubao wa juu umekalia mguu. Mguu umekalia sakafu. Hakuna mahali uzito unaposhikiliwa na msumari. “Skrubu zangu,” alisema, “kazi yake ni kuzuia mbao zisiachane. Kubeba si kazi yake. Wewe ulitundika tangi kama koti kwenye msumari. Mimi nimeliketisha kitini.”

Mbao za juu alizisimamisha kwa ubavu, upana wake wa inchi 4 ukiwa wima. Nilipouliza kama haidhuru tukizilaza, kwa kuwa zingetoa nafasi pana zaidi ya kulalia kioo, alichukua rula ya mbao ya mtoto wa shule iliyokuwa mezani, akaninyoshea. Nikaipinda ikiwa bapa, ikapinda. Nikajaribu kuipinda ikiwa imesimama kwa ubavu, ikakataa. Usiku ule nilipiga hesabu kwa kumbukumbu za fizikia ya sekondari: mbao ya 2 kwa 4 ikisimama ni ngumu mara nne kuliko ikilazwa. Mti ni uleule, bei ni ileile. Nafasi ya kulalia kioo tuliipata kwa kuweka plaiwudi juu ya fremu nzima.

Kuranda kulinitesa. Mvule uliokauka miaka ile yote ni mgumu, na ndani yake una chembe kama mawe zinazoharibu makali ya randa. Mikono ilivimba. Dominika moja nilipoinua hostia baadhi yenu mliona plasta kwenye vidole vyangu, na mmoja akaniuliza kama nimeungua. Nilikuwa nikiranda, nikidhani nimemaliza, naye mzee anakuja na rula ndefu ya chuma, anaisimamisha juu ya ubao, anainama kutazama mwanga unaopita chini yake. Mwanga ukionekana, naendelea. Alinieleza kwamba kioo hakina huruma: meza ya chakula ikiwa na nundu ya milimita mbili hakuna atakayejua, lakini tangi likikaa juu ya nundu, uzito wote husimama hapo, na kioo kitapasuka, pengine leo, pengine baada ya mwaka. Kwa hiyo fremu yote ya juu ilitakiwa iwe tambarare, bila kona moja kuinuka.

Sasa nifike kwenye lile lililoangusha meza yangu. Nilikuwa nimeamini kwamba kosa langu lilikuwa wembamba wa miguu. Mzee alikataa. Akasema miguu ile, kwa kusimama tu, ingebeba. Mti unaobanwa kwa urefu wake una nguvu za ajabu. Meza haikufa kwa kulemewa, ilikufa kwa kuyumba. Akaniuliza kama nakumbuka tetemeko la Kagera.

Yeye alikuwa Bukoba siku ile, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, alipokwenda kuzika ndugu. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, na watu walipoteza maisha. Aliniambia alichokiona baada ya vumbi kutua: nyumba za matofali zilizobeba mapaa yake miaka thelathini bila malalamiko, zimelala. “Zile kuta zilijua kubeba kutoka juu, Baba. Hakuna aliyewahi kuziuliza habari za ubavuni.” Alirudi Mwanza, na tangu siku hiyo, akasema, kila anapomaliza kazi, iwe kabati, iwe kitanda, huisukuma kwa kidole kutoka upande.

Ndipo nilipoelewa alichokifanya ofisini kwangu.

Dawa yake ni nyepesi kuliko nilivyotarajia. Umbo la pembe nne, hata likiwa la mbao nene, linaweza kulala upande ikiwa kona zake zinalegea. Umbo la pembe tatu haliwezi, labda ubao wenyewe ukatike. Nyuma ya kiweko tulibandika plaiwudi ya milimita 12, kipande kimoja kizima, kwa gundi na skrubu kila baada ya sentimita 15, tukaacha tundu la kupitishia waya. Pembeni, kila upande, tuliweka ubao wa mshazari kutoka kona ya chini hadi kona ya juu. Mbele tuliacha wazi kwa ajili ya milango midogo. Kabla ya plaiwudi nilisukuma fremu nayo ikaitikia kidogo. Baada ya plaiwudi nilisukuma kwa mikono miwili, kisha kwa bega. Ilihama sakafuni, lakini haikuyumba.

Tulipaka vanishi mara tatu, na mzee alinisisitiza nipake chini ya nyayo za miguu na ndani ya kiweko, maana maji ya samaki hayamwagiki mahali panapoonekana. Chini ya kila mguu tukaweka kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu kuukuu.

Kisha yakaja majaribio. Wakati ule tulikuwa tunajenga vyoo vya shule ya awali, na saruji ilikuwapo stoo. Mzee aliomba mifuko minane, yaani kilo 400, zaidi ya uzito wa tangi. Vijana wa kwaya waliibeba, wakaipanga miwili miwili, ngazi nne. Mzee akakisogelea kiweko, akachuchumaa, akasukuma kwa kidole. Hapakuwa na maji ya kutikisika, hivyo mimi sikuona kitu, ila niliuona uso wake. Mifuko ilikaa pale siku tatu. Kila jioni nilivuta uzi kutoka kona hadi kona nikapima. Ubao wa mbele haukushuka kiasi cha kuonekana kwa macho yangu.

Mahali pia palibadilika. Ofisini hakuna tena maji ya kiasi hicho. Vitabu sasa vimo katika kabati la chuma, juu ya rafu, na kurasa zote zimepigwa picha. Kiweko tulikipeleka sebuleni, kwenye sakafu ya saruji iliyo juu ya ardhi tupu. Soketi imefungwa ukutani, na kila waya unaotoka kwenye tangi unashuka kwanza chini ya soketi kisha unapanda kuingia, ili tone likifuata waya liangukie sakafuni. Hilo la waya ukilisahau yote mengine, ndugu msomaji, usilisahau hilo. Nenda ukaangalie nyumbani kwako jioni hii.

Tangi jipya nililinunua kwa fedha zangu. Chini yake tulitandika povu jeupe lile linalofungashiwa televisheni, unene wa sentimita moja, ili lipokee vichembe vidogo ambavyo randa haikuviona. Pimamaji ya fundi ilisema tuko sawa. Mzee hakuridhika. Alitaka tupime kwa maji yenyewe. Tulimimina maji ya kimo cha sentimita 5 tu, tukasubiri yatulie, tukapima kona nne. Kona ya nyuma kulia maji yalizidi kwa milimita 3; sakafu yetu, iliyoonekana nyoofu tangu nihamie hapa, ilikuwa imeinama. Tukayatoa maji yote kwa mpira. Mzee alichonga kabari mbili nyembamba za mvule, akazisukuma chini ya miguu ya upande ule. Chini ya miguu, kamwe si chini ya kioo. Tukamimina tena sentimita 5, tukapima. Zilikuwa sawa kona zote.

Tulijaza polepole, ndoo baada ya ndoo, kuanzia saa tatu asubuhi. Mlinzi ndiye aliyebeba ndoo nyingi. Alitaka mwenyewe, nami nilishindwa kumzuia. Kila robo ya tangi tulipumzika na kupima. Ilipofika saa nane mchana maji yalikuwa juu. Mzee akaweka kidole chake kwenye kona, akasukuma. Maji yalibaki kama kioo. Alisukuma tena, safari hii kwa kiganja. Kisha akauliza kama kuna chai.

Furu watatu waliingia baada ya siku kumi, maji yalipokuwa yamekomaa. Sasa ni kumi na saba, kwa sababu mmoja wa wale watatu alikuwa mama. Watoto wa katekesimu huwaona kila Jumamosi, na wamekatazwa kugonga kioo, jambo ambalo hulifanya.

Katika yale majina 11 yaliyofutika, tumerejesha tisa, kwa vyeti vilivyotunzwa nyumbani na kwa mashahidi. Mawili bado. Tunajua namba zake, na kwa kuangalia walio kabla na walio baada, tunajua kwamba watu hao wawili walibatizwa hapa kati ya Agosti 1974 na Februari 1975. Ikiwa ni wewe, au mzazi wako, au ikiwa ulimsimamia mtu katika miezi hiyo, tafadhali fika ofisini Jumanne hadi Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Kama una cheti cha zamani, hata kama kimechanika, njoo nacho. Kama huna, njoo na mtu anayekumbuka.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu